Kila kazi ina msasa wake

Swali la msomaji:

"Shikamoo mshauri. Nina miaka 26. Huu ni mwaka wa pili nikiwa karani wa hesabu katika kampuni ya usafirishaji. Kazi si mbaya, mshahara unatoka kwa wakati, ila siku hazinogi. Sasa nimepata nafasi chuo cha uuguzi, na wakati huohuo kuna kampuni inayotaka kunichukua kama mwanagenzi wa kutengeneza programu. Kuwa muuguzi kumo moyoni tangu bibi alipolazwa miezi mitatu nikawa namuuguza hospitalini. Kuwa mtengenezaji wa programu nako nakutamani, najifunza mwenyewe usiku, na kunalipa zaidi. Rafiki yangu ananiambia fuata moyo. Baba ananiambia mchagua jembe si mkulima. Naogopa niache kazi halafu nikute huko nako ni yaleyale. Nina wiki sita za kuamua. Nitajuaje ni kazi ipi nitaipenda kila siku? (Samahani kwa kuandika usiku huu. Nilibaki ofisini mpaka saa mbili natafuta tofauti ya 270 kwenye leja. Nimeipata: mtu aliandika 630 badala ya 360. Hata kula nilisahau.)"

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na baba, maana nadhani hapo ndipo panapouma. Methali yake haina kosa: anayengoja kazi isiyo na kero atangoja hadi wenzake wavune. Lakini umewahi kumtazama mkulima akinunua jembe? Hulinyanyua kwa mkono mmoja apime uzito, hutazama mpini kama umenyooka, hugonga bapa asikie linalia vipi. Anachagua sana! Asichofanya ni kuchagua jembe kwa picha. Kwa hiyo usigombane na baba. Mwambie utachagua kama mkulima anavyochagua.

Barua yako nimeisoma mara tatu na nimegundua jambo. Unaandika "kuwa muuguzi", "kuwa mtengenezaji wa programu". Kuwa, kuwa. Mahali pekee ulipoandika unachokifanya kwa macho na mikono yako ni kwenye yale mabano ya mwisho, uliyoyaombea radhi. Hayo mabano nitayarudia, kwa sababu kwangu yana uzito kuliko barua nzima.

Mtu akisema anataka kuwa seremala, kichwani mwake kuna meza iliyokwisha, au labda randa inapita juu ya ubao na maranda yanajikunja. Nenda karakana ukae kutwa. Kukata na kuunga huisha mapema kuliko unavyodhani; kinachokula siku ni msasa. Unaanza na namba 80 kufuta alama za msumeno, unapanda 120, halafu 180, halafu 240, na kila hatua inafuta mikwaruzo iliyoachwa na hatua iliyotangulia. Vumbi puani, bega linauma. Ukiruka hatua moja kwa uvivu, vanishi itakuumbua, kwa sababu mikwaruzo ambayo jicho halikuiona kwenye mbao kavu hujitokeza yote rangi ikishapakwa. Sasa, maseremala wote wanapenda meza. Anayedumu ni yule ambaye msasa haumchukizi, na wapo ambao kwao msasa ndiyo saa ya kupumzisha akili.

Kila kazi ina msasa wake: sehemu inayojirudia, isiyopigwa picha, isiyosimuliwa mtu anapoulizwa anafanya kazi gani, lakini ndiyo inayojaza saa. Ukiniuliza ni kazi ipi utaipenda kila siku sitaweza kukujibu, na sidhani yupo anayeweza. Ukiniuliza msasa wa kazi ipi unaweza kuupiga mwaka baada ya mwaka bila kuingia ofisini na moyo mzito, hapo tunaweza kuzungumza.

Mimi hili nilijifunza kwa gharama. Nikiwa na umri kama wako niliingia redio, kituo ambacho sitakitaja, kwa sababu nilipenda sauti. Nilijiona mbele ya maikrofoni. Miezi minane ya kwanza nilikaa na vipokea sauti masikioni nikikata vikohozi. Mgeni akisema "eee, yaani, eee", kazi yangu ilikuwa kuziondoa hizo "eee" bila kuigusa pumzi, maana pumzi ikikatwa katikati msikilizaji hushtuka na wala hajui kilichomshtua. Mahojiano ya dakika 12 yalinimalizia mchana. Wenzangu walinionea huruma. Ajabu ni kwamba nilikuwa natoka pale mwepesi, nimeridhika. Kilichonishinda ni simu. Kila asubuhi lazima upigie watu kumi na kitu wasiokujua, uwabembeleze waje studio. Nusu wakatae, robo wakubali wasitokee. Nilianza kuumwa tumbo nikikaribia lango. Sikuwa nimejua kwamba kutayarisha vipindi ni kazi ya kubembeleza watu, na siwezi kusema nilidanganywa, kwa sababu sikuuliza. Niliondoka baada ya mwaka na nusu, na kwa miaka mingi nikawa nawaambia watu kwamba redio haikunifaa. Si kweli. Nusu ya redio ilinifaa vizuri mno, ila nusu nyingine ndiyo iliyokuwa inajaza siku.

Tuziangalie basi hizo kazi zako mbili kwa karibu.

Programu kwanza. Mwaka 1949, pale Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwanasayansi wa kompyuta Maurice Wilkes na wenzake walikuwa wamewasha EDSAC, moja ya kompyuta za mwanzo kabisa zilizohifadhi programu zake ndani yake. Baadaye Wilkes alikumbuka namna alivyokuwa akipanda ngazi siku moja mwaka huohuo, ghafla akang'amua kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingekwenda katika kutafuta makosa kwenye programu zake mwenyewe. Zaidi ya miaka 70 imepita, mashine zimebadilika zisitambulike, lakini aliyoyaona mzee yule kwenye ngazi hayajabadilika. Siku ya mtengenezaji wa programu ni kusoma msimbo, yaani maandishi ya programu, ulioandikwa na mtu mwingine, mara nyingi mtu aliyekwisha kuondoka, bila maelezo. Ni kubadilisha mstari mmoja halafu kungoja majaribio yapite, yasipite, ubadilishe tena. Ni kumweleza mteja kwa mara ya tatu kwa nini jambo analoliona dogo litachukua wiki. Ni vikao. Kuandika kitu kipya kabisa, kile unachokifanya usiku kwa raha zako, ni sehemu ndogo ya wiki, na kwa mwanagenzi ni ndogo zaidi.

Kwenye uuguzi nitakaa kidogo, kwa sababu hapo naona una deni la moyo, na deni la moyo hutia ukungu machoni.

Kiswahili kinakuhadaa hapa. Ulimuuguza bibi, na yule mwenye sare naye alimuuguza bibi. Kitenzi ni kimoja, kazi si moja. Wewe ulikuwa na mgonjwa mmoja, unayempenda, na ulijua anapenda mto uwekwe vipi. Muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi ambao asubuhi ile aliwajua kwa majina na namba za vitanda, mmoja wao akimfokea. Wewe uliona dakika zake chache kando ya kitanda cha bibi. Saa zilizobaki hukuziona.

Niliwahi kuomba ruhusa nikamfuata muuguzi mmoja zamu nzima ya usiku, kuanzia saa moja jioni. Nilikwenda na daftari nikidhani nitaandika habari za huruma. Ukurasa wangu wa saa tisa usiku unasema hivi: anainama, anafungua kibomba cha mfuko wa mkojo, anaumwaga kwenye jagi lenye alama, anaunyanyua mpaka usawa wa macho, mililita 350, anamwaga, ananawa, anaandika 350 na saa kwenye chati, anatazama dripu, anahesabu matone kwa saa ya mkononi, anaandika. Kitanda kinachofuata. Alifanya hivyo usiku kucha, na hakuruhusiwa kukosea hata mara moja, kwa sababu daktari wa asubuhi angeamua kuhusu figo za mtu kwa kusoma zile namba. Nilipomuuliza kama hachoki na chati akacheka: "Chati ndiyo kazi. Kushika mkono wa mgonjwa nakuiba katikati."

Wala si wauguzi peke yao. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliofuata madaktari wa fani nne wakiwa kazini, ulionyesha kwamba kwa kila saa moja waliyokaa ana kwa ana na wagonjwa, karibu saa mbili nyingine zilikwenda kwenye kompyuta na makaratasi. Hao ni madaktari, watu ambao kila mtoto anajua wanafanya nini!

Kuna jambo jingine la wodini ambalo halimo kwenye ratiba ya kazi. Mwanasosholojia Arlie Hochschild aliliandikia mwaka 1983 baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege: zipo kazi ambazo uso wako ni sehemu ya kazi. Umeamka na msiba wako, lakini abiria anataka tabasamu. Muuguzi hufanya hivyo pamoja na mkojo, chati na dripu. Watu wengine hili linawanyonya hadi mifupa. Wengine, na nimewaona, huwatoa kwenye mawazo yao wenyewe na huenda nyumbani wamepata nafuu. Uko upande gani? Hujui bado. Mimi pia sijui.

Na hutajua kwa kufikiri, hata ukifikiri wiki zote sita. Wanasaikolojia Daniel Gilbert na Timothy Wilson wametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyobashiri hisia zao za kesho, na jibu linalorudi ni kwamba tunakosea kwa namna ileile: tunakuza jambo moja tunalolitazama, tunasahau mengine yote yatakayokuwamo siku hiyo. Ukiwaza uuguzi unamwona bibi akitabasamu. Huoni miguu iliyovimba saa kumi na moja alfajiri.

Jaribio lao moja la mwaka 2009 nalipenda, ingawa halihusu ajira. Wanawake waliombwa kubashiri watakavyofurahia mazungumzo ya dakika tano na mwanamume wasiyemjua. Baadhi walipewa picha yake na maelezo yake. Wengine walipewa kitu kimoja tu, yaani alama ambayo mwanamke mwingine aliitoa baada ya kuzungumza naye. Waliobashiri vizuri ni wale wa alama ya mwenzao. Lakini ukiwauliza watu wangependelea kupewa kipi, wengi huchagua picha na maelezo. Ndivyo tunavyochagua kazi. Tangazo tunalisoma mara kumi, na mtu anayeifanya ile kazi sasa hivi hatumpigii simu, kwa sababu tunaamini sisi si kama yeye.

Waajiri wenyewe wana kisa katika hili. Mwaka 1973 mtafiti John Wanous alichapisha jaribio alilofanya na waombaji wa kazi ya uopereta wa simu Marekani. Kundi moja lilionyeshwa filamu ya kawaida ya kuvutia watu. Jingine likaonyeshwa filamu inayosema kweli: kazi inajirudia, msimamizi yuko mgongoni, ukikosea utasikia, ukifanya vizuri pengine usisikie lolote. Ungetarajia la pili likimbie. Halikukimbia. Waliokubali kazi walikuwa karibu sawa, na baada ya kuanza, wale walioambiwa kweli walifikiria kuacha kwa nadra zaidi. Tafiti nyingi zilizofuata zinaonyesha kwamba faida hiyo ipo lakini ni ndogo, na kwa maoni yangu sababu ni rahisi: filamu, hata iwe kweli tupu, ni ya kutazama, na bega halichoki kwa kutazama. Kwa hiyo wewe usiishie kuuliza. Jaribu kwa mikono.

Nimesema usiishie kuuliza, lakini kuuliza nako kuna ufundi. Usimuulize muuguzi "unaipenda kazi yako?" Atakujibu kulingana na alivyolala jana. Usimuulize kazi ikoje, atakupa hotuba. Muulize: jana ulipofika, kitu cha kwanza ulichofanya ni nini? Halafu? Halafu? Endelea mpaka atoke getini. Mtu akisimulia jana hawezi kupamba sana. Muulize ni lini mara ya mwisho alichelewa kutoka, na kwa nini. Muulize ni jambo gani wageni kazini hulilia mwezi wa pili. Tafuta walau mmoja aliyeacha. Huyo huongeza chumvi, najua, lakini uchungu wake utakuonyesha msasa uko wapi. Wanne kwa kila kazi wanatosha, na wawili kati yao wawe na miaka mitano au zaidi.

Hiyo miaka mitano nina sababu nayo. Mwaka wa kwanza wa kazi yoyote hauwakilishi kazi yenyewe. Mgeni hupewa msasa wa watu wengine, hajui chochote kiko wapi, na kila kitu kinamchukua mara tatu ya muda. Nimeona watu wakikimbia kazi nzuri mwezi wa nne wakidhani huo ndio uso wake, na nimeona wengine wakivumilia miaka minane wakijiambia "nikizoea patakuwa sawa". Njia ninayoitumia kutenganisha maumivu ya kujifunza na maumivu ya kazi ni kutazama siku ya yule aliyeko mbele yangu. Kama siku ya mtu wa miaka mitano inakuvutia, zako za mwanzo ni tozo ya kuingilia. Kama hata yake huitaki, ya nini kulipa?

Kabla ya kuondoka ulipo, lakini, pachunguze. "Siku hazinogi" ni malalamiko ya jumla mno. Kwa wiki mbili beba daftari, na kila ukijikuta unatazama saa, andika ulikuwa unafanya nini. Vivyo hivyo ukishtuka kwamba saa mbili zimepita bila kujua. Usieleze, andika tu. Nahisi kinachokuchosha huenda si hesabu. Inaweza kuwa kungoja sahihi ya mtu, au kupangiwa kila kitu hadi saa ya kunyanyuka kwenye kiti. Hilo la kupangiwa si jambo dogo. Mtafiti wa afya Michael Marmot na wenzake, waliowafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London kuanzia mwaka 1985, waliona kwamba wenye usemi mdogo juu ya namna wanavyofanya kazi yao walipata maradhi ya moyo zaidi kuliko wenye usemi mkubwa. Na usemi hautegemei jina la kazi. Kuna wodi ambako mkuu wa zamu anakuachia upange mizunguko yako, na kuna ofisi za programu ambako kila nusu saa unatakiwa ueleze uko wapi. Kwa hiyo ukiwa kwenye usaili, na wewe uliza: nani anaamua nianze na lipi asubuhi?

Kuhusu fedha, umeitaja haraka haraka kama mtu anayeona aibu. Usione aibu. Mwaka 1913 kiwanda cha magari cha Henry Ford kilikuwa kimeanzisha mkanda wa kuunganishia, kila mtu anakaza kitu kilekile kutwa. Watu waliingia na kutoka kiasi kwamba kwa kila nafasi 100 za kazi waliajiriwa kama watu 370 ndani ya mwaka mmoja. Januari 1914 Ford akatangaza dola 5 kwa siku, zaidi ya mara mbili ya ujira wa kawaida wa pale, na urefu wa siku ya kazi ukapunguzwa kutoka jumla ya saa tisa hadi saa nane. Watu wakatulia. Mkanda ulikuwa uleule. Wengine hukisoma kisa hiki kama ushahidi kwamba fedha hutibu kila kitu. Mimi naona kinaonyesha kwamba fedha hununua uvumilivu. Kama una wanaokutegemea, huo uvumilivu ni kitu halali kabisa kununuliwa. Ila ujue utakuwa unanunua hicho, na kwa miaka mingapi.

Wale wa "fuata moyo" sitawajadili sana. Moyo hufuata pia: watu wengi niliowashauri walianza kuipenda kazi baada ya kuimudu, na hawakuwa na mapenzi yoyote nayo kabla.

Sasa yale mabano.

Ulibaki ofisini usiku, hukutumwa, unatafuta 270. Kila mhasibu mzoefu angekuambia kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi ni tarakimu zilizobadilishana nafasi, na 270 ni 9 mara 30, kwa hiyo ungeweza kuanza hapo ukaokoa muda. Lakini tazama ulichoandika: "hata kula nilisahau". Hukuandika kwa uchungu. Umeandika kama mtu aliyeshika mwizi. Kuwinda kosa dogo ndani ya rundo la vitu vilivyo sawa, peke yako, kwa saa kadhaa, na kufurahi ukilipata: huo ndio msasa wa programu, ule Wilkes aliouona kwenye ngazi. Na ulikuwa unaupiga bure.

Kwa ushahidi nilionao, ambao ni barua moja, naegemea upande wa programu. Siegemei kwa sababu ya mshahara, wala sisemi uuguzi haukufai. Naegemea kwa sababu upande mmoja una kitu ulichokifanya ukiwa umechoka na bado kikakupa nguvu, na upande wa pili una mapenzi kwa bibi, ambayo ni mazuri lakini si kipimo cha kazi. Isitoshe, hiyo hulka ya kuwinda kosa ingekufaa hata wodini. Yule muuguzi wangu wa saa tisa usiku angekupenda.

Kuegemea si kuamua, na una wiki sita. Wiki mbili za kwanza ni za daftari. Wiki ya tatu chukua programu ndogo iliyoandikwa na mtu mwingine, yenye hitilafu inayojulikana (kwenye intaneti ziko tele zilizoachwa wazi kwa yeyote kurekebisha), na uikabili jioni tatu mfululizo baada ya kazi, ukiwa umechoka. Usiandike yako mpya. Hiyo umeshajua unaipenda. Iwe ya mtu, mbovu, bila maelezo. Jioni ya tatu ndiyo inayosema, kwa sababu ugeni umeshaisha.

Wiki ya nne, omba ruhusa chuoni au hospitali yoyote ikuruhusu ukae zamu moja kama mtazamaji. Iwe ya usiku. Isiwe wodi aliyolazwa bibi. Muombe muuguzi akuruhusu umshikie daftari au tochi, chochote kisichomdhuru mgonjwa, ili usikae kama mgeni wa heshima. Mchague mgonjwa mmoja asiye na shukrani, na ujitazame unavyojisikia kila unaporudi kwenye kitanda chake. Ukiona unataka kurudi, nitafuta kila nilichoandika hapo juu bila kinyongo.

Wiki mbili za mwisho ziache wazi kwa mazungumzo na wale watu wanane, na kwa baba. Mkaribishe asome daftari lako. Wazee wengi waliotusukuma kwenye "kazi ni kazi" hawajawahi kuonyeshwa kwamba tunafanya utafiti, wanaona tunasitasita tu. Na usiache kazi uliyo nayo kabla barua ya upande mmoja haijawa mkononi, imesainiwa.

Ukitoka ile zamu ya usiku niandikie. Usiniambie kama ilikuwa nzuri au mbaya. Niambie ilikuwa saa ngapi ulipotazama saa kwa mara ya kwanza.